Anayelipia daraja aonyeshwe na hesabu za nyaya

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kuufungua akitafuta bei ya ufuta, kiwango cha dola na matokeo ya mnada wa hatifungani. Wiki hii nafasi ya maoni tunaitoa kwa bidhaa ambayo haipimwi kwa gunia wala kwa debe: uimara wa madaraja yanayobebwa na nyaya za chuma. Mfanyabiashara atauliza, hayo si mambo ya wahandisi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu fedha iliyomo ni yetu, na mzigo unaopita juu yake ni wetu.

Chukua Daraja la Nyerere pale Kigamboni. Lilipofunguliwa Aprili 2016, asilimia 60 ya gharama ilikuwa imetoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na asilimia 40 Serikalini. Maana yake ni kwamba karani wa duka la Kariakoo, dereva wa lori na mlinzi wa ghala, wote waliokuwa wakikatwa mishahara yao kila mwezi, waliingiza mtaji katika daraja lile, wajue wasijue. Magari yalianza kulipa tozo mwaka huo huo, na tozo hiyo ndiyo iliyopangwa kurudisha fedha za wanachama. Hiyo ni biashara kama biashara nyingine. Mtaji umezama katika saruji na chuma, na faida inategemea magari kupita leo, kesho na miaka mingi ijayo.

Yakafuata mengine. Oktoba 2018 Uganda ilifungua daraja jipya la Jinja, mita 525 juu ya Mto Nile, kwa mkopo wa Wajapani, ili kupunguza mzigo wa njia ya zamani iliyopita juu ya bwawa la Owen Falls tangu mwaka 1954. Mwaka 2022 Dar es Salaam ikapata Daraja la Tanzanite, na tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa lile la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Wahandisi watatukumbusha kwamba haya ya Tanzanite na Busisi ni ya aina ya mchanganyiko, yenye minara mifupi, ambayo nyaya hugawana mzigo na sakafu ya daraja. Tunakubali. Kwa mwenye lori la samaki la Mwanza, au la mafuta linalotoka Mombasa kwenda Kigali, tofauti hiyo haina uzito. Nyaya zikiwa na walakini, lori halivuki.

Sasa twende Genoa, Italia, kwa kuwa huko ndiko somo hili lilikolipiwa kwa bei kubwa kuliko kwingine. Daraja la Polcevera, ambalo wengi waliliita kwa jina la mhandisi wake, Riccardo Morandi, lilifunguliwa mwaka 1967. Lilikuwa na minara mitatu mirefu, na nyaya zake hazikuachwa wazi bali zilifunikwa ndani ya zege. Siku zile ilionekana ni akili, maana zege lingekinga chuma na hewa ya bahari. Kumbe zege lilipopasuka, chumvi na moshi wa viwanda viliingia ndani, na kutu ikafanya kazi yake gizani bila jicho la mkaguzi kuiona. Morandi mwenyewe alikwisha onya juu ya kutu hiyo miaka kumi na kitu tu baada ya daraja kufunguliwa. Daraja lake jingine la aina hiyo, lile la Maracaibo nchini Venezuela lililofunguliwa mwaka 1962, lilikatika waya mwaka 1979, na ikabidi nyaya zibadilishwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mnara mmoja wa Genoa, ule wa namba 11, uliongezewa nyaya mpya kwa nje. Namba 9 ikabaki kama ilivyokuwa. Mwaka 2017 wataalamu wa chuo cha Politecnico di Milano waliitwa kupima mitetemo ya nyaya hizo. Walikuta zile za namba 9 zina tabia isiyo ya kawaida, wakashauri uchunguzi zaidi na vipimo vya kudumu. Mpango wa kuziimarisha uliandaliwa, ukaidhinishwa, na zabuni ikatangazwa mwaka 2018. Magari yakaendelea kupita. Tarehe 14 Agosti 2018, asubuhi ya mvua, namba 9 ilianguka na magari yaliyokuwa juu yake. Walikufa watu 43.

Tunawataja marehemu kwanza, kisha fedha, na msomaji asidhani tumeyapanga hayo kwa bahati. Lakini ukurasa huu ni wa soko, na soko lilisema lake. Kesho yake ilikuwa sikukuu nchini humo. Soko la hisa la Milano lilipofunguliwa tarehe 16, hisa za Atlantia, kampuni mama ya ile iliyokuwa ikiendesha barabara hiyo na kukusanya tozo, zilishuka kwa asilimia 22 kwa siku moja. Fikiria mstaafu aliyekuwa na hisa hizo kwa sababu aliambiwa tozo za barabara ni mapato yasiyotikisika. Aliona mizania ya kila mwaka. Aliona gawio. Kuhusu waya wa namba 9 hakuonyeshwa ukurasa hata mmoja.

Hasara haikuishia siku ile. Serikali ya Italia ilitishia kufuta mkataba, mazungumzo yakachukua miaka, kampuni ikakubali fidia ya yuro bilioni 3.4, na mwaka 2022 Atlantia ikauza asilimia 88 ya kampuni hiyo ya barabara kwa kundi lililoongozwa na taasisi ya fedha ya Serikali. Daraja jipya lililofunguliwa Agosti 2020 mahali pale pale limejengwa likiwa na vifaa vya kupima na roboti za kukagua.

Vifaa hivyo vinapima nini? Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana ndiyo kiini cha hoja yetu. Waya wa daraja ni kama uzi wa udi katika taarabu. Uzi uliokazwa hulia juu, uliolegea hulia chini, na fundi wa udi hahitaji mashine kujua upi umelegea. Waya wa daraja nao hutetemeka kwa upepo na kwa magari yanayopita, ila polepole kiasi kwamba sikio halisikii. Kifaa kidogo, kihisi, kinafungwa kwenye waya na kuhesabu mitetemo hiyo usiku na mchana.

Tuseme waya una urefu wa mita 100, kila mita ina uzito wa kilo 60, na umevutwa kwa nguvu ya tani 400. Waya huo utatetemeka mara 77 hivi kwa dakika, sawasawa na mapigo ya moyo wa mtu aliyekaa kitako. Kanuni inasema nguvu ya waya hufuata mraba wa mapigo hayo. Kwa hiyo mapigo yakishuka kutoka 77 hadi 73, ambayo kwa jicho ni kitu kidogo sana, waya umepoteza asilimia 10 ya nguvu yake. Tani 40 zimehama. Hazikupotea hewani, zimehamia kwa nyaya za jirani, ambazo hazikuombwa ruhusa.

Kuna vihisi vya aina nyingine. Vipo vinavyosikiliza mlio wa uzi mmoja mmoja wa chuma unapokatika ndani ya waya mnene, vinavyopima mnara umeinama kiasi gani, vinavyopima joto, upepo, na uzito wa malori yanayopita. Hong Kong waliweka vihisi kama hivyo zaidi ya 800 kwenye madaraja yao makubwa matatu yaliyofunguliwa mwaka 1997 na 1998, na mwaka 2009 daraja la Stonecutters likapata zaidi ya 1,000 peke yake. Kwa hiyo ufundi huu si mpya wala si wa majaribio, una umri wa kizazi kizima.

Lakini mwenye duka anajua kwamba kuwa na mizani ni jambo moja, na nani anaisoma ni jambo jingine. Miaka ile nilipokuwa nikinunua ufuta huko Lindi, palikuwa na mnunuzi mmoja mwenye mizani nzuri kuliko zote sokoni, ya chuma, imepakwa rangi, imewekwa kivulini. Sahani ilielekea upande wake. Mkulima aliambiwa kilo zake kwa mdomo. Sitaki kusema mizani ile ilikuwa mbovu, nadhani ilikuwa nzima kabisa. Mkulima alipunjika kwa sababu ya mahali alipokuwa amesimama.

Daraja la tozo lina hatari hiyo hiyo. Anayekusanya tozo ndiye anayepima nyaya, ndiye anayelipa washauri elekezi, na ndiye atakayepoteza mapato iwapo daraja litafungwa hata kwa wiki mbili. Hatusemi ni mwizi. Tunasema ni mwanadamu, na mwanadamu akiona namba mbaya siku ya Ijumaa huwa na sababu elfu za kungoja Jumatatu. Genoa vipimo vilichukuliwa, barua zikaandikwa, zabuni ikatangazwa. Kilichokosekana ni mtu wa nje mwenye haki ya kuona namba zile na kuuliza kwa nini magari bado yanapita.

Wako waliofanya vizuri zaidi, na tuwape haki yao. Ugiriki ina daraja la Rion na Antirion, karibu kilomita 2.9 juu ya mlango wa bahari, lililofunguliwa Agosti 2004, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Athens. Hilo nalo ni la tozo, lilijengwa na kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka mingi, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilikuwa miongoni mwa wakopeshaji. Lilifungwa vihisi tangu mwanzo. Januari 2005 radi ilipiga waya mmoja, ukashika moto, ukakatika. Daraja lilifungwa mara moja, likakaguliwa, waya ukabadilishwa. Juni 2008 tetemeko la kipimo cha 6.4 lilitikisa eneo hilo, na vihisi vikarekodi kila mtikisiko, kwa hiyo wahandisi walikuwa na namba za kusema daraja limetikisika kiasi gani na kulinganisha na kiwango lililojengewa. Mkopeshaji aliyesikia habari za tetemeko redioni siku ile hakuhitaji kuridhika na neno la meneja kwamba hali ni shwari.

Nisije nikaonekana wakala wa wauza vihisi. Wapo wengi siku hizi, wanakuja na michoro ya rangi na ahadi kwamba mashine itasema yenyewe daraja likiugua. Haisemi yenyewe. Uskoti walifungua daraja la Queensferry Agosti 2017 kwa pauni bilioni 1.35, likiwa na vihisi kwa mamia. Februari 2020 likafungwa siku mbili kwa sababu barafu ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye nyaya na kuvunja vioo vya magari, manane kwa hesabu. Vihisi vya barafu vilikuja baadaye. Na jirani yake, daraja la zamani la Forth, lilifungwa Desemba 2015 baada ya wakaguzi kuona ufa kwa macho yao wakiwa kazini, ingawa daraja hilo tayari lilikuwa na mitambo ya kusikiliza nyaya zake kuu. Kihisi hujibu swali ulilokiuliza. Mkaguzi mwenye tochi na kofia ya chuma anaweza kukutana na jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Pia namba za daraja zina msimu, kama mahindi. Hakuna mfanyabiashara anayelinganisha bei ya Februari na ya Julai halafu akapiga kelele kwamba soko limeanguka. Uswisi walipima daraja moja lililoitwa Z24 kwa karibu mwaka mzima, 1997 hadi 1998, kabla ya kulivunja, wakaliharibu kwa makusudi hatua kwa hatua. Waligundua kwamba baridi ya kugandisha lami ilibadili mapigo ya daraja kuliko baadhi ya uharibifu wenyewe. Kwetu hakuna barafu, lakini chuma kinacholala kwenye umande na kuamkia jua la Dar es Salaam hurefuka na kufupika kila siku. Ndiyo maana daftari la kwanza, la miaka miwili mitatu daraja likiwa jipya na zima, lina thamani kuliko vihisi vyenyewe. Asiyejua mapigo ya mtu akiwa mzima atajuaje kwamba leo ana homa? Busisi bado iko katika umri huo. Kila mwezi unaopita bila kuandikwa vizuri haurudi.

Na chumvi. Mwenye nyumba ya bati Upanga au Kigamboni anajua bati linadumu miaka mingapi upande unaoelekea bahari. Nyaya za siku hizi hazifungwi ndani ya zege kama za Genoa, zimo ndani ya mirija ya plastiki na hukingwa kwa nta na madini ya zinki, na waya mmoja unaweza kubadilishwa bila kubomoa daraja. Ni nafuu kubwa. Lakini maji huingia pale waya unaposhikwa na sakafu, chini kabisa, mahali ambapo mpita njia haangalii.

Basi tunataka nini? Tunataka kila daraja la nyaya lililojengwa kwa fedha za wanachama, kwa mkopo wa taifa au kwa hatifungani, liwe na taarifa ya mwaka ya nyaya inayochapishwa pamoja na hesabu za fedha. Hatuombi kila mtetemo wa kila sekunde, hakuna atakayeusoma. Karatasi mbili tatu zinatosha: nyaya ngapi zimepimwa, mapigo yalikuwa mangapi mwaka wa kwanza na mangapi sasa, vihisi vingapi vimekufa na vingapi vimebadilishwa. Hilo la mwisho msomaji alitilie mkazo. Daraja hujengewa umri wa miaka 100 au zaidi, kompyuta inayokusanya namba haifiki hata robo ya umri huo. Mradi ambao mfadhili amelipia vihisi lakini bajeti haina fungu la vipuri wala mshahara wa msomaji, utakuwa na masanduku mazuri yenye taa zilizozimika.

Msomaji wa namba asiwe yule yule mwenye kibanda cha tozo. Tuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachofundisha uhandisi, Uganda wana Makerere. Wapewe namba moja kwa moja kutoka kwenye daraja, nakala ile ile na saa ile ile anayoipata mwendeshaji, na walipwe kutoka fungu lililotengwa tangu siku ya mkataba ili wasiwe wanabembeleza malipo kwa yule wanayemkagua. Na kiwango cha kufunga daraja kiandikwe mapema, wakati wote wakiwa wametulia: waya ukipoteza kiasi hiki, malori mazito yasimame, ukipoteza kiasi kile, magari yote yasimame. Kamati isikutane kuanza kujadili asilimia siku ambayo waya umekwisha legea na foleni imefika Kurasini.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Watasema kuchapisha namba hizo kutaleta hofu, watu wataacha kupita, tozo itashuka, wanachama ndio watakaoumia. Hofu ya namna hiyo huwapata watu wanaosikia jambo kwa mara ya kwanza likiwa limekwisha haribika. Benki huchapisha mikopo yake chechefu kila robo mwaka na watu hawajaacha kuweka fedha. Wanaangalia namba, wanalinganisha na robo iliyopita, wanaendelea na shughuli zao. Asilimia 22 za Milano zilianguka kwa siku moja kwa kuwa hazikupata nafasi ya kushuka kidogo kidogo tangu mwaka uliotangulia, wakati ambapo kushuka kidogo kungemlazimisha mkurugenzi kuchukua hatua.

Wakati wa kudai ni sasa, maana fedha za watu wadogo zinaingia kwenye miundombinu kwa kasi. Kenya imekuwa ikiuza hatifungani za miundombinu tangu mwaka 2009. Hapa kwetu ile ya Samia, iliyouzwa na Benki ya CRDB kwa ajili ya wakandarasi wa barabara za TARURA, ilipata zaidi ya shilingi bilioni 300 wakati lengo lilikuwa bilioni 150. Barabara za TARURA si madaraja ya nyaya, lakini aliyenunua karatasi hiyo ndiye atakayeletewa karatasi ya daraja baadaye, na wakala wa kuuza atamwonyesha riba, muda na tarehe za malipo.

Amwulize ukurasa wa nyaya uko wapi. Kama wakala hana, asitie sahihi siku hiyo. Arudi nyumbani na fedha yake, na barua ya swali hilo aipeleke kwa maandishi kwa mtoaji wa hatifungani, nakala kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwanachama wa mfuko wa jamii naye ana wawakilishi wake katika bodi, wa wafanyakazi na wa waajiri, na hao wanakaa Dar es Salaam, wengine wanavuka daraja lile lile kwenda nyumbani.

Siku ile ya kwanza daraja la Kigamboni lilipopitika, jirani yangu mwenye lori la matofali aliniambia amekwisha achana na foleni ya kivuko na kuzunguka kwa Kongowe. Aliuza hata kiti cha plastiki alichokuwa akikalia kwenye foleni ya Magogoni. Lori lake ni la tani kumi, na akijaza hupitiliza.